Shokapu haibebi gari: soma hii kabla hujainunulia Altezza yako shokapu mpya

"Gari imekuwa ngumu kama mkokoteni, halafu bado inanesa. Hii inawezekanaje?"

Swali hili aliliuliza mshikaji wangu mmoja, Jumamosi asubuhi, gereji ya uchochoroni jirani na kwetu. Ana Altezza ya mwaka 1999, nyeupe, imekaa chini kiasi kwamba kila tuta analipanda kwa kukata kushoto kama nahodha anayekwepa mwamba. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo alikuwa amebadilisha shokapu zote nne, mpya kabisa, za kwenye boksi, na muuzaji alimhakikishia ni "za kazi nzito". Wiki moja kabla, akiwa njia ya Morogoro kwenye kona pana, mwendo kama 80 hivi, tairi za nyuma zilipita juu ya sehemu ya lami iliyofanya mawimbi, na nyuma ya gari ikaruka pembeni karibu nusu ya upana wa njia. Upande wa pili lori lilikuwa linakuja. Alirudi salama, lakini tangu siku hiyo alikuwa haiamini tena gari yake.

Fundi aliweka mikono miwili juu ya boneti, akabonyeza kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda, likatulia. "Shokapu nzima hizo," akasema. "Labda matairi."

Fundi hakuwa mjinga. Anatumia kipimo ambacho kila mtu anakitumia. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe kinajibu swali jingine, na ili uone kwa nini, inabidi kwanza tukubaliane shokapu inafanya kazi gani. Watu wengi, wakiwemo wanaouza, wanadhani wanajua.

Anayebeba ni springi

Uzito wa gari unabebwa na springi. Ukiichomoa shokapu leo (usijaribu barabarani), gari litabaki limesimama kwenye kimo chake kilekile, au karibu yake. Ndiyo maana kununua shokapu mpya kwa sababu "gari imelala nyuma" ni kutupa pesa. Kama limelala, angalia springi.

Kazi ya shokapu ni kula nishati. Ukipita juu ya tuta, springi inakandamizwa na kuhifadhi nishati ndani yake. Springi ni mwaminifu sana, inairudisha karibu yote. Kwa hiyo gari linarushwa juu, linashuka, linarushwa tena. Shokapu inakaa katikati ya mchezo huo na kuigeuza nishati hiyo kuwa joto. Ndani yake kuna pistoni inayolazimishwa kupita kwenye oili kupitia matundu madogo na vali. Oili inapata moto, gari linatulia. Hakuna uchawi mwingine.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Altezza RS200 ina uzito wa karibu kilo 1,350. Ukiweka dereva, na ukitoa matairi, breki na vitu vingine visivyobebwa na springi, kila kona ya mbele inabeba tuseme kilo 340. Gari la aina hii, kwa springi zake za kawaida, bodi yake hunesa kama mara 1.3 kwa sekunde. Yaani kupanda na kushuka mara moja kunachukua robo tatu ya sekunde na ushee. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, katika muda huo umeshakwenda mita 17.

Sasa wahandisi wana namba moja wanayoitumia kueleza nguvu ya shokapu ikilinganishwa na springi na uzito. Tuiite uwiano wa ufifishaji. Ukiwa sifuri, maana yake hakuna shokapu, gari litanesa mpaka uchoke. Ukiwa 1, gari likisukumwa linarudi mahali pake polepole bila kupitiliza hata mara moja. Magari ya kawaida hupangwa kati ya 0.2 na 0.4, ya michezo yakisogea upande wa juu.

Chukua shokapu nzima yenye uwiano wa 0.3. Gari limesukumwa sentimita 10 kutoka mahali pake. Litapitiliza upande wa pili sentimita 3.7, likirudi litabakiza 1.4. Mita 17 na habari imekwisha. Sasa chukua shokapu iliyochoka, uwiano umeshuka hadi 0.1. Litapitiliza sentimita 7.3, litarudi 5.3, na hata baada ya mita 50 bado linanesa sentimita moja na nusu. Katika mita hizo 50 uzito juu ya matairi unapanda na kushuka, na tairi lisilo na uzito halishiki barabara. Ukipiga breki au ukikata kona pale linapokuwa jepesi, utaelewa kwa nini rafiki yangu aliona lori kwa karibu.

Rasta na tairi linalocheza

Kuna mnesa wa pili ambao wengi hawaufikirii kabisa, kwa sababu hauuoni ukiwa umekaa ndani. Tairi lenyewe, pamoja na rimu, breki na habu, nalo linanesa peke yake kati ya barabara na springi. Lina uzito mdogo, tuseme kilo 40, na mpira wake uliojaa upepo ni springi ngumu sana. Ukipiga hesabu unapata kama mara 12 kwa sekunde.

Unakumbuka zile rasta zinazochorwa barabarani kabla ya kuingia kijijini? Tuchukulie zimeachana nusu mita. Ukipita kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa, unagonga rasta 12 kila sekunde, na hiyo ndiyo ngoma ambayo tairi linapenda kuicheza. Barabara ya vumbi iliyofanya makunyanzi inafanya vilevile kwa mwendo mkubwa kidogo, kama yameachana zaidi. Kama shokapu imechoka, tairi linaanza kurukaruka, linagusa na kuachia, na usukani unakuwa kama umeshikwa na mtu mwingine. Hapo bodi inaweza kuwa imetulia kabisa, wewe ndani unaona mtetemo tu.

Rudi sasa kwa fundi wetu na boneti yake. Anapobonyeza kwa mikono, anaisukuma bodi polepole, labda sentimita tano. Mnesa wa tairi wa mara 12 kwa sekunde haumgusi hata kidogo. Isitoshe, gari la miaka zaidi ya ishirini lina bushi zilizokakamaa na viungo vinavyokwama, na msuguano wao peke yake unatosha kuituliza bodi iliyosukumwa kidogo hivyo. Kwa hiyo kubonyeza boneti kunagundua shokapu iliyokufa kabisa. Iliyokufa nusu inapita mtihani huku inatabasamu.

Alama nzuri zaidi ziko kwingine. Pitisha kiganja juu ya mkanyago wa tairi kuzunguka. Kama unasikia mabonde-mabonde, tairi limeliwa vipande vipande badala ya kuliwa sawasawa, huenda limekuwa likirukaruka. Angalia mwili wa shokapu. Unyevunyevu mwembamba wa oili karibu na sili uliokusanya vumbi si msiba, lakini oili inayochuruzika hadi chini ni msiba. Na sikiliza gari lenyewe: linainamisha pua kupita kiasi ukishika breki? Likipita tuta linashuka mara moja au linapiga na ya pili?

Ngumu halafu inanesa

Sasa tujibu swali la mshikaji. Alidhani ngumu na kunesa ni vitu viwili vinavyopingana. Si kweli, na hili ndilo jambo moja ambalo ningependa ulikumbuke ukisahau mengine yote, kwa sababu ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi dukani.

Nguvu ya shokapu inategemea kasi ya pistoni. Unapokata kona au kushika breki, gari linalala taratibu, na pistoni inatembea kwa sentimita chache kwa sekunde. Unapoingia kwenye shimo, pistoni inarushwa kwa kasi kubwa mara kumi au zaidi ya hiyo. Shokapu nzuri inapaswa kuwa na nguvu ya kutosha kwenye mwendo wa taratibu, ili bodi isilewelewe, halafu ikubali kulegea kidogo kwenye mwendo wa kasi, ili shimo lisikupige mgongoni. Kazi hiyo inafanywa na visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa juu ya matundu ya pistoni. Oili ikija taratibu, visahani vimefunga. Ikija kwa nguvu, vinapinda na kufungua njia.

Shokapu ya bei ya chini inaweza kuachana na upangaji huo na kutegemea zaidi tundu lisilobadilika. Na tundu lisilobadilika lina tabia moja mbaya: ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani unaongezeka karibu mara nne. Unajua maana yake? Taratibu, ambapo unataka nguvu, haina nguvu. Kwa kasi, ambapo unataka ilegee, imekuwa ukuta. Gari linalewalewa kwenye kona na linakupiga mgongoni kwenye mashimo. Ngumu halafu inanesa! Maneno "kazi nzito" kwenye boksi hayakuwa ya uongo, ila uzito wenyewe ulikuwa mahali pasipotakiwa.

Jambo lingine la kujua ni kwamba shokapu haina nguvu sawa pande zote. Kwa kawaida inakinza zaidi inaporefuka kuliko inapofupika. Tairi linapopanda juu ya jiwe, springi tayari inalipinga, hutaki shokapu nayo iongeze kichapo na kukipeleka kwenye bodi. Ila springi inapofyatuka kurudi, hapo ndipo panahitajika wa kuishika. Ukiishika kupita kiasi lakini, tairi linachelewa kurudi chini, shimo la pili linalikuta bado limekunjwa, la tatu limekunjwa zaidi, mpaka gari linatambaa kwenye vizuizi vyake vya mpira. Wanaozungusha kitasa cha koilova hadi mwisho wa "ngumu" wakaingia barabara ya vumbi wanalijua hilo, hata kama hawajui sababu.

Springi zilizokatwa

Nilichama chini ya gari la mshikaji na tochi ya simu. Springi zilikuwa zimekatwa kwa grainda, mzunguko mmoja kila upande. Mwenye gari wa kwanza alitaka likae chini. Na tuseme ukweli, Altezza iliyokaa chini inapendeza.

Nilitegemea kukuta kwamba tatizo ni ugumu wa springi. Nilipopiga hesabu nikaona sivyo. Ukiwa na springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukaondoa mmoja, ugumu wake unaongezeka asilimia 20. Shokapu ileile ukiiweka juu yake, uwiano wa ufifishaji unashuka kwa asilimia 9 tu hivi, kwa sababu hesabu inatumia kipeuo cha pili cha ugumu. Asilimia 9 hutaisikia.

Kinachoua ni nafasi. Tuseme gari likiwa kwenye kimo chake tairi lina sentimita 8 za kupanda kabla ya kugonga kizuizi cha mpira. Ukilishusha kwa sentimita 5, umebakiwa na 3. Tuta lolote la kawaida linazimaliza. Kizuizi kikigongwa, springi laini inageuka ghafla kuwa kitu kigumu kama jiwe, na hakuna shokapu duniani iliyopangwa kushindana na jiwe. Pale kwenye kona ya Morogoro, nyuma ya gari ilikuwa inapigapiga kwenye vizuizi, na kila pigo lilikuwa linainyanyua tairi kutoka kwenye lami. Juu ya hayo, shokapu ndefu za kawaida zikikaa kwenye gari lililoshushwa zinaishi zimekunjwa muda wote, pistoni iko karibu na sakafu ya silinda, na siku ikigonga chini inavunja vali. Shokapu zake za miezi mitatu mbili za nyuma zilikuwa tayari zinachuruzika.

Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua shokapu halihusu shokapu. Ni hili: una springi gani, na umebakiwa na nafasi kiasi gani? Kama springi ni za kiwandani na ni nzima, unatafuta shokapu yenye urefu wa kiwandani. Kama umeweka springi za kushusha zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, sentimita mbili au tatu, tafuta shokapu yenye fimbo fupi iliyopangwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Bilstein, kwa mfano, wanazitenganisha waziwazi: B6 kwa springi za kimo cha kawaida, B8 kwa springi za kushusha. Kama springi zimekatwa, rudisha springi kwanza. Mshikaji aliposikia hivyo alinuna. "Sasa si itakuwa kama teksi?"

Mrija mmoja au miwili

Ukifika Gerezani au Ilala, au kwa wasomaji wa Nairobi, Kirinyaga Road, utakutana na aina mbili kuu, na muuzaji atakuuliza "ya oili au ya gesi?" Swali lake limepinda kidogo, kwa sababu zote zina oili. Gesi ni ya kuzuia oili isitoe povu. Pistoni ikienda kasi, nyuma yake mgandamizo unashuka, vipovu vinazaliwa, na kupitisha pistoni kwenye povu ni kama kukata hewa kwa kisu. Unasikia gari limelegea katikati ya barabara mbaya, ukisimama nusu saa linarudi sawa.

Aina ya kwanza ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Pistoni inafanya kazi ndani, oili ya ziada inakaa nje, na juu yake kunawekwa gesi ya naitrojeni ya mgandamizo mdogo. Nyingi za magari ya kawaida ni hizi, na mfululizo wa Excel-G wa KYB ya Japani ni mfano unaopatikana sana. Ni laini, haisumbuliwi sana na jiwe, maana mrija wa nje ukibonyea kidogo ule wa ndani bado mzima. Udhaifu wake ni joto: oili inayofanya kazi imezungukwa na oili nyingine, inachelewa kupoa.

Aina ya pili ina mrija mmoja mnene. Gesi iko upande mmoja, imetengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea, na mgandamizo wake ni mkubwa, karibu baa 20 hadi 30. Wazo hili ni la Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na Bilstein ndio waliolitengeneza kwa wingi kwa ajili ya Mercedes-Benz mwishoni mwa miaka ya 1950. Inapoa haraka kwa sababu ukuta wake unapigwa na upepo moja kwa moja, na pistoni yake ni kubwa, kwa hiyo hata mjongeo mdogo inausikia. Lakini jiwe likiubonyeza ukuta huo, pistoni inakwama, na imekwisha. Kama kila siku unapita kilomita kumi za changarawe kwenda nyumbani, lifikirie hilo kabla hujatoa pesa. Kitu kingine kidogo: gesi hiyo inaisukuma fimbo nje. Fimbo ya milimita 12 na baa 25 zinatoa nguvu ya karibu kilo 28, kwa hiyo gari linaweza kunyanyuka kidogo. Nilisema shokapu haibebi gari. Hapa inasaidia kushika mfuko wa sokoni, basi.

Mimi binafsi, kwa Altezza inayotumika kila siku mjini, springi za kiwandani, na safari ndefu mara moja moja, ningeweka mirija miwili ya gesi kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana na nisingejuta. Ya mrija mmoja ningemshauri mwenye kupenda mwendo wa barabara kuu, mwenye lami mpaka mlangoni. Koilova za bei rahisi zenye hatua 30 za kurekebisha ningeziacha dukani. Kwenye nyingi za aina hiyo kitasa kinafungua na kufunga kijitundu kimoja cha pembeni kinachogusa mwendo wa taratibu peke yake. Visahani vya ndani ndivyo vinavyoamua tabia, na hivyo huvifikii kwa kitasa.

Na za mtumba kutoka Japani? Watu wananunua, najua. Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo shokapu iliyokuja nayo kiwandani leo ina miaka isiyopungua ishirini. Springi ya mtumba unaweza kuipima kwa macho na kwa rula. Shokapu ya mtumba imefunga siri yake ndani. Oili imechakaa, sili imekauka, na ikipigwa rangi nyeusi inang'aa kama mpya. Nunua taa za mtumba, nunua milango. Shokapu hapana.

Dukani, taja kodi ya chesisi, si jina la gari tu. RS200 yenye injini ya 3S-GE ni SXE10, AS200 ya silinda sita ni GXE10, na kuna Gita ya mkia mrefu. Usidhani spea zote zinaingiliana kwa sababu muuzaji kasema "zote Altezza". Gari hilihili liliuzwa nje ya Japani kama Lexus IS200, kwa hiyo jina hilo nalo litafute kwenye orodha za watengenezaji wa Ulaya.

Ukipewa shokapu mkononi, isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ikandamize hadi chini na uivute hadi juu mara tano au sita. Ya mirija miwili iliyolazwa stoo miezi mingi huwa imeingiza hewa mrija wa ndani, kwa hiyo mara za kwanza utasikia sehemu tupu isiyo na ukinzani. Baada ya kupampu, sehemu hiyo iondoke kabisa. Ikibaki, rudisha. Angalia pia fimbo kwenye mwanga: mkwaruzo unaousikia kwa ukucha utaikata sili.

Siku ya kufunga

Hapa pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo simama pembeni ya fundi kwa heshima na uangalie mambo machache.

La kwanza ni usalama wake. Altezza ina mikono miwili kila gurudumu, wa juu na wa chini, na shokapu inakaa katikati ya springi kama kitu kimoja. Kuvitenganisha kunahitaji springi ikandamizwe kwa kifaa chake. Nimeona springi zikifungwa kwa waya. Springi ya namna hii ikikandamizwa sentimita 10 inaweza kuhifadhi nguvu sawa na mfuko wa kilo 20 uliodondoka kutoka kimo cha mita moja, na yote inatoka kwa mpigo mmoja. Kama gereji haina kifaa, ondoka.

Pili, fimbo isishikwe na plaisi ili nati ya juu ifunguke au ikaze. Meno ya plaisi yanaacha mikwaruzo, na sili mpya itaanza kuvuja ndani ya wiki chache. Mwili wa fimbo una mahali pake pa kushikia, juu kabisa.

Tatu, na hili linasahaulika karibu kila gereji: boliti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Bushi hizi hazizunguki, mpira wenyewe ndio unaojisokota. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, umeufunga mpira ukiwa umesokotwa, na ukishusha gari unasokotwa upande wa pili siku zote za maisha yake mafupi.

Badilisha mbili mbili, mbele zote au nyuma zote. Na kabla hujalipia shokapu za bei kubwa, tikisa bushi, boljointi na mauntingi za juu. Shokapu nzuri juu ya bushi iliyooza ni kama kufunga kitasa kipya kwenye mlango usio na bawaba.

Mshikaji wangu alirudisha springi za kiwandani, akaweka shokapu za mirija miwili mbele na nyuma, na bushi mpya za mkono wa chini kwa sababu tulizikuta zimepasuka. Kimo kilipobadilika ilibidi pia apime alaimenti upya, na kweli tairi za nyuma zilikuwa zimelalia ndani kupita kiasi. Wiki iliyofuata tulikwenda naye hadi Chalinze na kurudi. Kwenye ile kona alipunguza mwendo hadi 60, akapita bila kusema kitu, halafu tulipofika mbele akageuza, akairudia kwa 80. Gari lilipanda, likashuka, likatulia.

Sasa analalamika kwamba uwazi juu ya tairi ni mkubwa, paka anaweza kulala humo. Ameanza kuulizia springi za kushusha za sentimita mbili.